Jamhuri ya Josho

Novemba 23
Leo mkutano wa vitongoji vitano umenipa kazi ya kuandika katiba ya umoja wetu. Kusema kweli nilijipendekeza mwenyewe, na wenzangu wakapiga makofi kwa sababu jua lilikuwa kali na walitaka kurudi nyumbani. Hata hivyo makofi ni makofi. Josho la kuogeshea ng'ombe limekarabatiwa, lambo la kunyweshea mifugo limechimbwa, na vyote ni mali ya wote: Kisimani ninakoishi mimi, Mlimani, Mbugani, Majengo na Mtakuja. Kilichobaki ni serikali ya kuviendesha. Mimi ni mwalimu wa historia. Kama kuna mtu hapa anayejua serikali inavyoundwa, ni mimi. Vijana wameshaanza kutuita Jamhuri ya Josho. Waache wacheke.

Na tena huu ni msimu wangu kwa jambo lingine. Mwanangu Isaka amemchumbia Klara, binti wa Mzee Godfrey wa ng'ambo ya mbuga. Mahari ni ng'ombe, na siku ni baada ya mavuno. Nataka siku hiyo watoke zizini kwangu kwa mstari mmoja, watu waone.

Novemba 29
Mvua ya kwanza ya maana. Tumepanda uwele. Mgongo unauma.

Desemba 4
Rasimu imekamilika. Mwenyekiti mmoja mwenye nguvu. Siku moja ya kuogesha ng'ombe wa vitongoji vyote. Ufunguo wa josho kwake. Faini anatoza yeye. Jina la mwenyekiti sikuliandika, nimeandika tu sifa za mtu anayefaa: msomi, mkazi wa Kisimani, mwenye uzoefu wa kusimamia nidhamu.

Ritha mke wangu alisoma mpaka mwisho, akanirudishia. "Baba Isaka, mbona hujaandika na rangi ya shati lako?"

Desemba 7
Nimeandika haya nikiwa na hasira, na sitafuta hata neno.

Nilisoma rasimu mbele ya mkutano. Nilisoma vizuri. Nilipomaliza akasimama Janeth wa Mlimani, mama mjane mwenye mifugo mingi kuliko wanaume wengi wa huku, na sauti ya kuita ng'ombe kutoka upande wa pili wa kilima.

"Mwalimu, tunakushukuru kwa kazi," alisema. "Lakini hilo josho mimi nalijua tangu nikiwa mtoto wa kusukwa nywele tatu. Mnakumbuka lilivyokuwa na mwenyekiti mmoja na ufunguo mmoja? Akagombana na sisi wa Mlimani kwa ajili ya shamba la shemeji yake, akalifunga. Msimu mzima! Kupe walivyotumaliza mnakumbuka au hamkumbuki?"

"Tunakumbuka!" watu wakaitikia.

"Yule alikuwa mtu mbaya," nikasema.

"Hakuwa mbaya," akajibu Janeth. "Alikuwa mtu kama wewe tu. Alisalimia watu, alikwenda misibani. Ila ufunguo ulikuwa mmoja."

Basi wakaanza kunyofoa katiba yangu kama kuku anayenyonyolewa. Kila kitongoji kiwe na ufunguo wake na siku yake ya josho. Kila kitongoji kinunue dawa yake. Mwenyekiti asitoze faini. Mwenyekiti asiamuru ng'ombe wa mtu kwenda popote. Jambo likiwa kubwa, kila kitongoji kikae peke yake kiamue, na asiyekubali asilazimishwe.

Nikauliza, "Sasa mwenyekiti kazi yake nini?"

"Kuita mkutano na kuufunga," akasema Janeth. Halafu, huyo mama hana haya, akapendekeza jina langu. Nikachaguliwa bila kupingwa. Mwenyekiti asiyeweza hata kumfukuza mbuzi kwenye lambo.

Desemba 9
Kidato cha tano, kipindi cha mwisho kabla ya likizo. Mada ilikuwa Wamarekani baada ya kumtoa mfalme wa Uingereza. Nikawaeleza kwamba majimbo yale yaliunda kwanza serikali kuu dhaifu, isiyoweza kukusanya kodi wala kumlazimisha mtu. Pendo, binti anayekaa dirishani, akauliza, "Mwalimu, watu wamepigana vita wakashinda, kwa nini waunde kitu kisicho na nguvu?"

Nikasema, "Kwa sababu hawakujua wanachofanya." Darasa likaandika. Najua nilikuwa nikimjibu Janeth.

Desemba 14
Kama siwezi kuwa na serikali yenye nguvu joshoni, nitakuwa nayo nyumbani kwangu.

Marehemu baba yangu aliwekesha ng'ombe wake kila mahali, kama walivyofanya wazee wote wa Kinyaturu na kama wengi wanavyofanya hadi leo. Mmoja kwa rafiki, mwingine kwa binamu, wengine kwa mkwe. Aliyewekeshewa anakamua maziwa na kupata mbolea. Ng'ombe na uzao wake ni wa mwenyewe. Ukiingia zizini kwa mtu hujui ni tajiri au ni maskini, maana nusu ya waliomo si wake, na walio wake hawamo. Mimi mambo hayo sikuyapenda kamwe. Mali yako utaiitaje mali ikiwa huioni asubuhi ukifungua mlango?

Nimepeleka ujumbe kwa wote wenye ng'ombe wa baba: warudisheni, Isaka anaoa.

Desemba 17
Wameanza kuja. Wa Majengo wameletwa, wa Mbugani pia. Zizi linajaa, nalitazama nikinywa chai.

Wengine wananizungusha. Abraham wa Mtakuja anasema ng'ombe ana ndama mchanga, nisubiri kwanza. Mama Agripina wa Majengo ya juu anasema njia ina matope. Na Alute wa Mbugani, shemeji yangu, kaka yake Ritha, amesema tu, "Nitawaleta, shemeji," kwa ile sauti ya mtu ambaye hatawaleta.

Desemba 18
Ugomvi. Kwa Alute wapo pia ng'ombe wa Ritha mwenyewe, uzao wa mtamba aliyepewa na mama yake. Nikamwambia awaite nao waje.

"Hawaji," akasema, akiendelea kusonga ugali.

"Mama Isaka, ni mahari ya mwanao."

"Ndiyo maana hawaji. Siku ya mahari watakwenda. Leo wanakuja kufanya nini? Kukutazama unakunywa chai?"

Nimekula mlenda na hasira zangu. Mke mkaidi, shemeji mkaidi, jamhuri ya wakaidi.

Desemba 27
Nimenunua dume mnadani. Jeusi, kifua kipana, linatembea utafikiri lina cheo. Likikaa na majike yangu mpaka Juni, Mzee Godfrey atajua anamwoza binti yake kwa watu gani.

Januari 11
Mvua nzuri. Palizi.

Januari 19
Jamhuri inaendeshwa hivi: Majengo wamesahau kununua dawa. Mtakuja wamekuja siku ya Mbugani. Nimeitisha mkutano, wamekuja watu wachache, tumekubaliana kwamba watu wawe wanakuja. Nimefunga mkutano. Nguvu zangu zote za kikatiba nimezitumia.

Januari 30
Dume linakohoa kidogo asubuhi. Vumbi haliwezi kuwa, mvua inanyesha kila siku. Labda baridi.

Februari 8
Wawili wengine wanakohoa.

Februari 12
Moses, ofisa mifugo wa kata, amekuja na pikipiki iliyojaa tope. Aliingia zizini, akakaa muda mrefu ameegemeza sikio kwenye mbavu za jike mmoja wa rangi ya majivu, ambaye mama yake alipendwa sana na baba. Alipotoka hakunitazama usoni.

"Mwalimu, hili dume ulilitoa wapi?"

"Mnadani."

"Lilikuwa na cheti?"

Siku ya mnada nililitazama kifua tu.

Anashuku homa ya mapafu ya ng'ombe. Amechukua sampuli. Ugonjwa wenyewe hauna haraka, anasema. Unakaa ndani ya mnyama wiki na wiki kabla haujaonekana, na unapita kwa pumzi, ng'ombe kwa ng'ombe, wakilala pamoja, wakinywa pamoja. Zizi likijaa ndipo unapopenda.

Februari 16
Wa majivu amekufa. Na ndama wake.

Februari 21
Majibu yametoka na ndiyo yenyewe. Halmashauri itatangaza karantini na kuleta chanjo, lakini karatasi zinatembea polepole kuliko ng'ombe mgonjwa. Moses akaniambia, "Wewe ni mwenyekiti. Wape amri leo: kila kitongoji kifunge njia zake, ng'ombe yeyote asiguse lambo."

Nikacheka, na hakikuwa kicheko kizuri. Amri! Mimi?

Nikachukua baiskeli. Sikuwa na la kufanya ila kwenda kitongoji kwa kitongoji, nivue kofia, niseme kwa mdomo wangu mwenyewe: ugonjwa uko kwangu, nimeuleta mimi, naomba mnifungie njia na msinyweshe lamboni. Hakuna kazi ngumu kama kuwaomba watu wakuogope.

Mtakuja walikaa kikao hapohapo chini ya ukuta wa kanisa, wakakubali. Abraham akanisindikiza mpaka mtoni, akasema, "Yule ng'ombe wa baba yako yuko mzima. Nilikuwa nakuzungusha tu, Mwalimu. Sikutaka aondoke, amezoea hapa." Majengo wakakubali. Mbugani, Alute mwenyewe akaburuta miiba kufunga njia inayotoka kwangu kwenda kwake, njia ambayo mke wangu alipita siku nilipomwoa. Alifanya akinitazama, machozi yanamlengalenga. "Nisamehe, shemeji."

"Kaza miiba," nikamwambia.

Mlimani nilifika jua linazama. Janeth alikuwa anafunga ndama. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo Kisimani inatuambia Mlimani tusinyweshe kwenye lambo."

"Siwaambii. Nawaomba."

"Tutakaa kikao Alhamisi."

"Mama, Alhamisi ni mbali."

"Katiba inasema tutaamua wenyewe, Mwalimu. Tutaamua wenyewe."

Nimerudi kwa kusukuma baiskeli, tairi limepata pancha. Leo ningetoa kila kitu niwe na ule ufunguo mmoja, japo kwa siku moja.

Februari 22
Sikulala. Nimefikiri jambo ambalo nikiliandika litanitisha, lakini nimeanza daftari hili ili niandike. Rasimu yangu ya Desemba ilisema siku moja ya josho kwa ng'ombe wote. Ingepita, Januari nzima dume langu lingesimama kwenye foleni moja na kila ng'ombe wa vitongoji vitano, wakipumuliana mdomoni, kwa amri yangu, na faini kwa asiyeleta. Nisingekuwa na njia hata moja ya kufunga leo. Ingekuwa imekwisha.

Ee Mungu, asante kwa wakaidi.

Machi 1
Wanne wamekufa wiki hii. Tunachimba mashimo, mimi na Isaka. Ritha analeta uji, anasimama pembeni. Hajasema "nilikuambia." Namngoja aseme, hasemi, na hilo linaniuma zaidi.

Machi 3
Mlimani walikaa Alhamisi ile, wakaahirisha. Wamekaa tena jana, wamekubali. Kati ya vikao viwili ng'ombe wa Janeth walikunywa maji lamboni na wa jirani yangu, ambaye naye sikuweza kumlazimisha.

Machi 12
Karantini rasmi imetangazwa. Chanjo imefika, Moses amechanja Mtakuja, Mbugani, Majengo. Wako salama.

Machi 20
Zizi limebaki na majike matatu na ukimya. Dume lenyewe lilikufa mwisho, lenye kiburi mpaka siku hiyo.

Nimemwambia Isaka mahari hatuna. Alitikisa kichwa tu. "Shikamoo, baba," akasema, ingawa tulikwisha salimiana asubuhi, akatoka nje. Ni kijana mzuri. Nililia nikiwa peke yangu stoo, kati ya magunia.

Machi 26
Ng'ombe wa Janeth wameanza kukohoa.

Aprili 5
Pasaka. Kisimani nzima haina maziwa, ugonjwa umeingia kila zizi. Asubuhi tumekuta mitungi imepangwa kwenye miiba ya Alute, upande wetu, imefunikwa na majani. Mitungi ya Mbugani, ya Mtakuja, ya Majengo. Ng'ombe hawapiti, lakini maziwa, Moses amesema tuyachemshe tu basi. Hakuna kikao kilichoamua, maana mwenyekiti ni mimi na sikuita.

Tumekunywa chai ya maziwa baada ya ibada. Ritha akaimba akiosha vikombe. Sikumbuki lini nimeshukuru hivi kwa kikombe cha chai.

Aprili 16
Shule. Nimewaambia kidato cha tano wafungue ule ukurasa wa Desemba wakate sentensi yangu.

"Wale watu walijua sana walichokuwa wanafanya," nikasema. "Walikuwa wametoka kwenye zizi la mtu mmoja. Waliona heri kila jimbo lishike ufunguo wake, hata kama kazi itakwenda kwa kusuasua, kuliko kosa la mtu mmoja kuwa kosa la wote."

Pendo akanyoosha mkono. Nilijua atanyoosha. "Na jambo likiwa la dharura, Mwalimu? Wakakaa vikao mpaka wakaumia?"

"Waliumia," nikamjibu. "Ndiyo maana baadaye walikaa tena chini wakaongeza nguvu. Lakini waliongeza wakijua wanaogopa nini."

Mei 9
Mavuno ya uwele. Ndege wametuachia kiasi cha kutosha. Mungu ni mwema.

Mei 17
Janeth amekuja. Alipita barabarani kwa miguu, bila mnyama, akakaa kwenye kigoda uani, akakataa chai, kisha akaikubali. Amepoteza zaidi ya nusu ya zizi.

"Mwalimu," akasema, "lete ile katiba yako ya kwanza."

"Ipi?"

"Ile ya mwenyekiti mwenye nguvu. Nimekuja kukuunga mkono. Ungekuwa na amri siku ile ulipokuja na baiskeli yako, ng'ombe wangu wangekuwa hai. Ungenifokea tu nikanyamaza." Sauti yake ilikuwa ndogo. Sikujua kama ana sauti ndogo.

Ningekuwa mwongo nikisema sikutamani. Mwezi wa Desemba ningebeba rasimu kichwani nikicheza.

"Mama," nikamwambia, "ungekuwa umenipa amri, Januari ningeamuru ng'ombe wako waje kusimama na dume langu. Wasingebaki hata hao ulio nao."

Akageuza kikombe mkononi. "Kwa hiyo wewe ndiye uliyetakiwa kufungiwa."

"Mimi ndiye."

Alicheka, kisha akalia, na Ritha akaja akamshika bega. Walikaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Mei 23
Mkutano mkubwa kuliko wote. Wengi walikuja na hofu, na watu wenye hofu wanataka bwana. Walitaka nipewe kila kitu: ufunguo, faini, siku moja. Niliyatetea maneno ya Janeth ya Desemba dhidi ya Janeth mwenyewe, aliyekuwa bado anayumba, na watu wakadhani jua limenipiga. Mwisho tumeongeza kifungu kimoja tu. Ofisa mifugo akisema kuna ugonjwa, mwenyekiti anaweza kufunga njia na lambo siku hiyohiyo bila kungoja kikao, na kufungua ni lazima vitongoji vyote vikae. Hawezi kuita ng'ombe waje. Anaweza kusema wasije, basi.

Funguo zimebaki tano. Janeth alinyoosha mkono wa kwanza.

Juni 13
Karantini imeondolewa. Moses amepima mara ya mwisho, ni wazima.

Juni 26
Mahari.

Jana jioni nilimtuma Isaka kwa Mzee Godfrey kuomba tusogeze siku mpaka mwakani. Ritha akamrudisha njiani. "Nenda ukalale," akamwambia. "Kesho ni kesho." Nikauliza ana mpango gani, akanijibu kwamba mwenyekiti hana mamlaka hayo.

Asubuhi tulikwenda mikono mitupu, mimi, Isaka na wazee wawili, tukavuka mbuga. Nilijiandaa kuomba radhi. Tulipofika kwenye boma la Mzee Godfrey nikamwona Alute amesimama nje na ng'ombe wa Ritha, na wale wa baba yangu aliosema "nitawaleta". Kutoka upande wa mto akatokea Abraham na yule jike na ndama wake, siku hizi mkubwa. Kutoka juu, Mama Agripina na ng'ombe wawili aliowekeshewa na baba, akilalamikia matope ambayo hayapo tena. Nyuma ya wote, kwa mwendo wa mtu ambaye bado anawaza kugeuza, akaja Janeth na mtamba mmoja mwekundu. Huyo hakuwa wa baba yangu wala wa Ritha.

"Huyu nakuwekesha, Mwalimu," akaninong'oneza. "Ila leo mpitishe tu, utanilipa kwa uzao, ukipata, usipopata basi."

Hakuna aliyewaamuru. Nimewauliza baadaye: hawakupanga hata pamoja. Ritha alipita tu kwa kila mmoja akasema tarehe.

Tulikaa. Mzee Godfrey akawatazama ng'ombe, akawazunguka, akauliza kama desturi inavyotaka: "Hawa wametoka zizi la nani?"

Mimi ndiye baba wa bwana harusi, ni juu yangu kujibu, na msimu mzima nilikuwa nimeliandaa jibu la neno moja: langu. Nikasimama. Nikasema, huyu ametoka kwa Alute, wa Mbugani. Huyu kwa Abraham, wa Mtakuja. Hawa kwa Mama Agripina. Nilipofika kwa yule mtamba mwekundu nikageuka kumtafuta mwenyewe kwa macho. Janeth akamalizia kutoka nyuma, kwa sauti yake ya kilimani: "Mlimani!"

Mzee Godfrey alishika kiuno. "Kumbe binti yangu anaolewa na vitongoji vingapi?"

Watu wakaangua kicheko, na Klara huko ndani akacheka na wenzake. Nikapangusa macho nikamwambia vitano, mzee, na ukubali haraka, kwa sababu hakuna hata kimoja ninachoweza kukilazimisha kusubiri.